Nilisema Anasikia

Mara ya kwanza nilipoulizwa kama mdogo wetu anageuka akiitwa, nilijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, amekaa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa, na mama aliyeniuliza alikuwa ameketi kwenye kitanda changu kwa sababu hatukuwa na kiti. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, Mrundi kama sisi, mwenye mkoba wa kitambaa uliojaa karatasi. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza wazazi jinsi watoto wao wadogo wanavyokua: kama wanatambaa, kama wanashika punje kwa vidole viwili, kama wanaonyesha kwa kidole kitu wanachokitaka, kama wanaita. Kwa kila jibu aliweka alama.

"Anaita mama au baba?"

"Ndiyo," nilisema.

Mle ndani hapakuwa na mama wala baba wa kuitwa. Baba alifariki miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mama naye alimfuata baba, mtoto akiwa na miezi mitano. Tulibaki watatu: mimi, dada yangu aliyekuwa na miaka kumi, na huyu mdogo, naye msichana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, baba alipoanza kuugua, nikaenda kufanya lejaleja kwa wafugaji wa Endiinzi: leo kupalilia, kesho kukata majani, keshokutwa kuwatekea ng'ombe maji. Kwa hiyo maswali ya wazazi yalikuwa yangu kuyajibu.

Na nilikuwa na sababu ya kujibu ndiyo. Katika mstari wa nyumba ulio chini ya wetu waliishi watoto watatu waliofiwa kama sisi. Watu wa ofisi ya kambi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaona mkubwa hawezi peke yake. Wale wadogo wawili walipelekwa kulelewa na familia moja upande wa pili wa ziwa. Walipelekwa kwa wema, na mablanketi mapya walipewa, lakini nilimwona yule mkubwa Jumapili ile kanisani amekaa peke yake kwenye benchi la watu wanne. Tangu siku hiyo nilijiapia kwamba kwetu hapataonekana kasoro ya kuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Kuna jambo jingine, na hili huenda mtu asiyekulia kambini asilielewe upesi. Sisi tulilelewa kwenye mahojiano. Tulipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, nilikuwa na miaka tisa, na tangu hapo tumeulizwa na watu wengi: mlitoka mlima gani, mlivuka mwezi gani, nani alikuwa mbele, nani alibaki nyuma. Kila asubuhi ya mahojiano baba alitupanga mstari kama watoto wa katekisimu, akatuuliza yeye kwanza. Aliyekosea alirudia. "Jibu la kwanza ndilo jibu," alikuwa akisema. "Ukilibadilisha, hata kama la pili ndilo la kweli, watakuona mwongo mara mbili." Niliwaona watu ambao dosiye zao, yaani faili zao za ukimbizi, zilikwama miaka kwa sababu mume alisema Aprili na mke akasema Mei. Somo hilo niliondoka nalo salama kuliko hesabu za darasa la sita, nikampa na dada yangu.

Basi mhudumu aliporudi mtoto akiwa amefikisha miaka miwili, mimi nilikuwa tayari. Alikaa palepale kitandani. Alisoma swali, nikajibu. Akasoma jingine, nikajibu. Nilikuwa nayakumbuka majibu yangu yote kwa mpangilio wake, na nilijivunia kwamba hakuna hata moja lililoteleza. Alipofika katikati aliacha kuandika, akaichomeka kalamu kwenye kilemba.

"Mwanangu," alisema, "unanijibu kama uko mbele ya watu wa dosiye."

Nilikuwa bado nasubiri swali linalofuata.

"Mara ya kwanza uliniambia anasema maneno mawili. Leo tena mawili. Mwaka karibu mzima, mawili tu? Na hayo mawili ni yapi? Hebu niambie."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa akivuta uzi uliofumuka kwenye gunia.

"Anasema... anajua kuomba maji."

"Anaombaje?"

"Ananivuta hadi kwenye jerikeni."

"Kuvuta si neno, mwanangu. Hata mbuzi anavuta." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikia. Miye pia nimepita kwenye meza zile. Najua tulivyofundishwa. Lakini mtoto hana historia ya kulinda. Mtoto kila mwezi ni mwingine. Dosiye ikibadilika ni uwongo. Mtoto asipobadilika, hapo ndipo kuna shida."

Kisha alisema jambo ambalo nimelirudia kwa wazazi wengi tangu wakati huo. Alisema yeye anamwona mtoto nusu saa, na daktari atamwona dakika chache, tena mtoto akiwa analia kwa sababu ya ugeni. Anayemwona kuanzia anapoamka hadi anapolala ni yule anayempikia uji. "Karatasi hii haina macho. Macho ni yako. Macho yakiogopa, miye nitaandika nini?"

Aliniachia wiki moja. Hakunipa dawa wala barua. Aliniambia nimtazame tu, na hasa nifanye jambo moja: nisimame mahali ambapo mtoto hanioni, nimwite kwa sauti ya kawaida, nione kama atageuka. "Urudie siku nyingi, saa tofauti. Usimguse, usipige kofi. Halafu njoo uniambie ulichokiona. Usiniambie ulichokisema zamani."

Nilianza siku ileile. Nyumba yetu ni ya udongo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, mlango mmoja, na kidirisha cha ubao ambacho hatukifungui kwa sababu ya vumbi la barabarani. Mtoto alikuwa ndani akicheza, ameupa mlango mgongo. Nilitoka, nikahesabu hadi ishirini, nikarudi na kusimama kizingitini, nikamwita jina lake. Aligeuka papo hapo, akacheka. Nilimwita jioni, akageuka. Nilimwita kesho yake asubuhi, akageuka. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimetishika, na nikaanza kumkasirikia kidogo yule mama.

Lakini swali likishatoka kinywani mwa mtu haliwezi kurudi, na majirani nao walikuwa wameshalisikia. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema mtoto anachanganyikiwa na lugha, Kirundi ndani, Kiswahili uani, Kiingereza cha wanafunzi njiani, kwa hiyo anasubiri aone ipi itashinda. Mwingine alisema hata baba yetu alichelewa kusema. Jirani yetu Mkongomani, mama mnene mwenye roho nzuri aliyekuwa akitugawia sombe, kisamvu cha kwao, kila alipopika, yeye alikuwa na dawa mkononi.

"Mutoto huyu iko na kilimi murefu," alisema, akamfungua kinywa kwa kidole kama mtu anayenunua mbuzi. "Ile nyama ya nyuma inafunga maneno. Bamukate tu. Miye najua muzee mumoja anakataka muzuri. Utaona vile atasema maneno mingi, mpaka umuombe anyamaze."

"Anakata kwa kitu gani, Mama?"

"Kwa kile kijiti chake. Usiulize mambo ya mwanaume muoga."

"Na kama ni masikio?"

"Masikio!" Aliwageukia wanawake wengine waliokuwa wakichambua maharage. "Mumesikia? Kiziwi gani anachezaka ngoma kila Jumapili?"

Walicheka wote, nami nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli. Kanisani mtoto hakukaa na sisi. Alikuwa akienda mwenyewe hadi miguuni pa wapiga ngoma, anaweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma kubwa, na wakati wa matoleo anacheza kwa kupinda magoti, hakosei hata pigo moja. Watu wote wa kigango chetu walimjua kwa hilo. Nilimwambia jirani nitafikiri juu ya yule mzee na kijiti chake. Kusema kweli nilikuwa nimeshafikiri. Niliona kukatwa kidogo kinywani, mtoto akapona upesi bila ofisi yoyote kujua, ni rahisi kuliko yale yaliyokuwa kwenye mkoba wa mhudumu.

Siku ya tano dada yangu alikuwa ameketi nje ya mlango akimenya mihogo. Nilifanya jaribio langu kama kawaida, kizingitini, jina moja, mtoto akageuka. Nilimwambia dada, "Umeona? Anasikia kuliko wewe."

Hakuinua kichwa. "Wewe ukisimama hapo hata kuku anageuka."

Tulikuwa na kuku aliyekuwa akiatamia kwenye kona, ndani ya beseni lililopasuka. Nilitazama, na kweli alikuwa ameinua shingo, jicho moja kwangu. Chumba kizima kilikuwa giza nusu kwa sababu mimi nilikuwa nimejaa mlangoni. Mwanga wote wa nyumba yetu unaingilia pale. Kila nilipomwita mdogo wangu siku zile tano, nilikuwa nimemzimia taa kwanza.

Nilitoka bila kusema kitu, nikazunguka nyuma ya nyumba mahali ambapo udongo umebanduka kati ya miti na kuacha tundu la ukubwa wa kiganja. Niliinama. Nilimwona mtoto amekaa, mgongo kwangu, hatua mbili tu kutoka kwenye tundu. Nilimwita. Kuku aliinua kichwa. Niliita tena kwa nguvu zaidi, na kuku akasimama kwenye mayai yake, akaanza kulalamika. Mtoto aliendelea kupanga vifuniko vyake, chekundu, cheupe, chekundu. Niliita mara ya tatu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Jirani aliitikia. Mtoto hakuitikia.

Nilirudi nikaketi chini karibu na dada yangu. Alikuwa amefikia muhogo wa mwisho.

"Ulijua?"

"Tangu wakati wa mahindi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamjibu mama wa afya." Alinitazama kana kwamba nimemuuliza swali la mtego. "Wewe mwenyewe ulisema jibu la kwanza ndilo jibu."

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa miezi mingi alikuwa amembeba mtoto kiziwi mgongoni na siri yangu kichwani. Aliniambia mengine alasiri ile, kwa utulivu, kama mtu anayetoa hesabu ya mifugo. Kwamba mtoto akilala hata mvua ya mawe juu ya mabati haimwamshi. Kwamba wao wawili wana njia yao ya kuitana, yeye anapiga ubao wa kitanda na mtoto anageuka kwa mtikisiko. Kwamba ngoma ya kanisani ni vilevile, ndiyo maana lazima aiguse. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja, nikala naye sahani moja, na yote haya nilikuwa sijayaona, kwa sababu sikuwa nikitazama. Nilikuwa nikilinda jibu.

Kesho yake nilimwambia jirani yetu kwamba yule mzee hatumhitaji. Nilimpeleka nyuma ya nyumba nikamwonyesha tundu, naye aliita kwa kifua chake chote. Alipoona, aliketi juu ya jiwe. "Ee Yezu," alisema. "Na miye nilitaka bamukate."

Nyumbani kwa mhudumu nilienda peke yangu. Nilimkuta akianika dagaa. Nilimwambia nataka kubadilisha majibu. Alinawa mikono, akatoa karatasi, akauliza upya swali la kwanza hadi la mwisho. Anageuka akiitwa? Hapana. Ana maneno? Hana. Anaonyesha kwa kidole? Ndiyo, sana. Anaiga kazi za nyumbani? Ndiyo, anafagia. Nilishangaa kwamba ndiyo zilikuwa nyingi, na safari hii zote zilikuwa za kweli. Kwa yale ya zamani alipitisha mstari mmoja, akaandika juu yake.

"Watamchukua?" nilimuuliza.

Ningependa kuandika kwamba alinihakikishia, lakini hakunihakikishia.

"Sijui, mwanangu. Miye si ofisi. Najua tu kwamba ukimficha, hatasikia kwa kufichwa. Na akifika miaka mitano hivi, kumfundisha kusema kutakuwa mlima."

Kituo cha afya kilituandikia kwenda hospitali Mbarara. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha mama, kwa sababu kumbeba mikononi safari nzima kunachosha. Wavulana wa bodaboda walinishangilia tangu kituo cha magari. "Mama kijana! Maziwa iko?" Niliwaambia iko ya ng'ombe, waje Endiinzi. Tulishuka Nyamitanga, pembeni mwa mji, tukavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu ili mtoto anyooshe viungo, na pale darajani alisimama muda mrefu akitazama malori, kila lilipopita anaweka kiganja kwenye chuma cha daraja.

Hospitalini tuliketi kwenye foleni ya watoto. Pembeni yangu alikuwa mke wa askari kutoka kambi ya jeshi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na mapajani ana mvulana mkubwa ambaye hajatembea. Alinitazama kuanzia kitenge hadi viatu.

"Wewe kijana, mama ya hii mtoto iko wapi?"

"Nimekuja naye mimi."

"Nauliza mama. Sijauliza dereva."

Benchi zima likacheka. Nilimwambia mama alifariki, mimi ni kaka yake. Alipiga kofi paja lake.

"Pole sana, ssebo, bwana. Basi wewe ni mama ya ndevu." Aliniangalia kidevu. "Na ndevu yenyewe bado."

Tangu hapo hakuniacha. Alinigawia chapati, akanifundisha dirisha la kupeleka karatasi, akamzomea mtu aliyetaka kutupita kwenye foleni. Aliniambia mumewe alikuwa amesema askari hawezi kuzaa mtoto asiyetembea. "Mimi nikamwambia, afande, basi hii nilizaa peke yangu? Andika ripoti." Alichelewa kumleta mwaka mzima kwa kuogopa maneno ya majirani wa kambini. Alilisema hilo akiwa anamfuta mtoto wake mate, na sauti yake ya kuamrisha haikuwepo.

Chumba cha kupima masikio kilikuwa kidogo, kimezibwa kuta kwa kitambaa kinene. Mtaalamu alikuwa mwanaume mpole, Munyankore, mwenyeji wa pale, aliyeongea Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliniambia nimpakate mtoto, nisitikisike, nisimwangalie, hata uso wangu usibadilike nikisikia sauti. Kisha sauti zikaanza kutoka nyuma yetu, kwanza ndogo, halafu kubwa. Nilikaa kama sanamu ya kanisani. Nilisikia filimbi, kengele, kitu kama mlango wa bati. Mtoto alikuwa akichezea kifungo cha shati langu. Ilipofika sauti moja nzito sana ya chini, aliacha kifungo, akatazama juu kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akarudi kwenye kifungo.

Baada ya vipimo vingine mtaalamu alianza kuuliza. Mimba ilikuwaje? Alizaliwa muda wake? Alilia mara moja? Aliwahi kupata homa kali, degedege? Kwa kila swali nilihisi lile somo la zamani likinisukuma niseme kitu, chochote, lakini imara.

Homa ilikuwapo. Mtoto alikuwa na miezi minane, na mimi nilikuwa Endiinzi kwa siku tisa. Niliporudi alikuwa amekonda na dada yangu amekonda, wakaniambia aliugua na kupewa dawa kituoni. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeleta unga na nilitaka kulala.

"Alishikwa degedege?" aliuliza tena mtaalamu.

"Sijui," nilisema. "Sikuwepo. Anayejua ni dada yake, ana miaka kumi na mmoja."

Nilisubiri anitazame vibaya. Aliandika tu, kisha akasema, "Sawa. Ukirudi, kuja na yeye. Yeye ndiye nataka kuuliza."

Alinieleza taratibu. Masikio yote mawili yamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia. Si kilimi, si lugha tatu, si ukoo. Huenda ni ile homa, huenda ni kitu kingine, hawezi kuapa. Kilichobaki kinaweza kusaidiwa kwa vifaa vya kuvaa masikioni na kwa kufundishwa kila siku, na wa kufundisha ni sisi, kwa midomo, kwa mikono, kwa uso. Alisema tumekuja mapema vya kutosha. Lakini ili mtoto aombewe vifaa, ilihitajika barua ya ofisi ya kambi kuonyesha mlezi wake ni nani.

Kwa hiyo ofisi niliyoikwepa karibu miaka miwili niliiendea kwa miguu yangu. Sikulala vizuri siku zile, ila sikurudi nyuma. Nilisema yote mezani: mtoto hasikii, sisi hatuna wazazi, nilijibu vibaya mara mbili. Msichana wa ofisi alinisikiliza, na wiki iliyofuata alikuja kwetu na mwenzake. Alimuuliza dada yangu mbele yangu.

"Kaka akienda kazini, nani anabaki na mtoto?"

"Mimi."

"Na shule?"

Dada alinitazama. Nilimwambia, "Sema."

"Siendi," alisema. "Akienda siku nne, siendi siku nne."

Waliandika. Niliutazama wino ule nikaona tumekwisha. Niliwasindikiza hadi nje. Zilipita siku kumi na mbili. Mtoto alinivuta kwenye jerikeni kila siku kama kawaida, nami nilimpa maji huku nikisema neno "amazi" mbele ya uso wake, polepole, kama nilivyoelekezwa, nikijua kwamba huenda namfundisha ili akaombe maji kwa watu wengine.

Siku ya kumi na tatu waliniita. Tungebaki pamoja. Barua ya mlezi ilikuwa na jina langu, na masharti yalikuwa mawili. Nisilale tena nje ya nyumba kwa kazi, na dada yangu arudi shule siku zote tano. Mhudumu wa afya alikubali kukaa na mtoto asubuhi pamoja na wengine wawili anaowaangalia. Kazi ya Endiinzi niliiacha. Nimekodi kipande cha viazi karibu, na kwa kusema kweli tunakula vibaya kuliko zamani, ila nipo.

Vifaa vilichukua miezi mingi kufika. Siku ya kwanza mtoto alivivumilia kwa muda wa kuchemsha chai, akaving'oa na kuvitupa kwenye jivu. Siku ya pili vivyo hivyo. Mtaalamu alikuwa ametuonya kwamba kwa mtu aliyezoea ukimya, dunia inaanza kama kelele tu. Tuliongeza kidogo kidogo. Sasa ana miaka minne na anavivaa hadi mchana, na akichoka anavitoa mwenyewe, anampa dada yake mkononi kwa heshima kama padre anayepokezana kikombe.

Mwezi uliopita mhudumu alituita kwa ajili ya karatasi mpya. Tulikwenda wote watatu. Alipofika kwenye maneno, nilikuwa nimejiandaa kwa kumtazama mtoto, si kwa kukariri. Nilimtajia "amazi", ingawa yeye husema "mazi". Nilimtajia "oya", ambalo ni hapana ya Kirundi na ndilo analolitumia kuliko yote. Nilimtajia "nde", akitaka twende, na "ta", akitaka kutupa kitu au akiwa ameshakitupa.

"Na la tano," alisema dada yangu. "Mama, liko la tano. Huyu akirudi shambani, mtoto anasema 'kaa'. Anamwita kaka."

Mhudumu alinigeukia, kalamu juu. "Ni neno?"

Nimelisikia mara nyingi. Analisema nikiweka jembe chini, lakini pia nimemsikia akilisema kwa mbwa wa jirani, na siku moja kwa sufuria. Dada yangu alikuwa akinikazia macho.

"Bado sina hakika," nilisema. "Andika manne."

Aliandika manne. Dada yangu alininunia njia nzima hadi nyumbani.